Wakuu wa Kigoma: mboji ya pembe na chai yake, tunapimaje kama kweli ina uhai?

BintiLuiche (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana wachache, tuna bustani bonde la Luiche. Mchicha, bamia, nyanya, matembele. Mzigo unaenda soko la Mwanga na Ujiji. Msimu uliopita alipita mkufunzi mmoja akatuingiza kwenye kilimo cha bayodainamiki. Kwa ambaye hajawahi kukisikia, ni kilimo hai ila kina dawa zake za ziada. Unachukua pembe ya ng'ombe jike, unaijaza samadi mbichi, unaifukia miezi kadhaa. Ukiifukua, samadi imekuwa laini kama udongo wa kichuguu na haina tena harufu ya zizi. Hiyo unaikoroga kwenye maji saa nzima, kulia halafu kushoto, unanyunyizia ardhini. Kuna na zile dawa za lundo, maua na majani yaliyochachushwa, unachomeka kidogo kidogo kwenye mboji, kila moja na tundu lake. Hizo alituletea zimeshatengenezwa.

Lundo letu lilikuwa la samadi, majani ya migomba, nyasi na makapi ya chikichi tuliyopewa na wakamuaji wa mawese. Mboji imetoka nyeusi, inanukia kama ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza. Tukaingia kwenye chai: mboji ndani ya kipande cha chandarua, ndoo ya maji, molasi kidogo, na pampu ya hewa tuliyoipata kwa vijana wanaofungasha samaki wa mapambo. Inatoa mapovu usiku kucha, asubuhi tunachuja, tunapiga kwenye majani.

Sasa mvutano umeanza. Mwenzetu mmoja ameambiwa huwezi kujua mboji iko hai bila kununua hadubini ukaangalia mwenyewe, na anataka tuchomoe hela ya kikoba. Wengine wanasema tupeleke maabara. Mama mmoja kasema mchicha ukinawiri imetosha, hadubini ya nini. Mimi ndiye katibu, kikao kinakuja, nataka niende na hoja. Hiyo hadubini inaonyesha nini hasa? Na tutajuaje kama kilichofanya kazi ni zile dawa au ni samadi tu?

Kibonde_wa_Mjini

Yaani Kigoma hii hii, mnafukia pembe ya ng'ombe shambani, mnakuja kuifukua baada ya miezi, halafu mnatarajia jirani asiwaitie sungusungu? 😂😂 Dada, kabla ya hadubini nunueni barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi.

Urambo_Sauti

BintiLuiche, mimi niko Urambo, mtu wa tumbaku na mahindi. Sina ugomvi na mboji. Ardhi yetu ya Tabora ni kichanga, bila samadi hata mahindi yanakugomea. Ugomvi wangu ni na pembe.

Twende kwa hesabu. Wanaofuata kilimo hiki hutumia kama gramu 100 za ile samadi ya pembe kwa hekta nzima. Tuwe wakarimu, tuseme kila gramu ina bakteria milioni 200. Jumla bilioni 20. Inasikika nyingi, eti? Sasa udongo wa hekta hiyo hiyo, sentimita 10 za juu tu, una uzito wa kama tani 1,300, na gramu moja ya udongo wa kawaida ina bakteria wanaofika bilioni moja. Gawanya. Unapata mgeni mmoja kwa wenyeji milioni 65. Huyo mgeni anafika kufanya nini?

Chai angalau ina hoja kidogo, kwa sababu mnaipiga kwenye jani, na jani halina wenyeji wengi kama udongo. Lakini pembe, hapana. Samadi ndiyo inayofanya kazi, wanaopewa sifa ni wengine.

Fundi_Lenzi40

Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ya kila siku ni malaria, choo na mkojo, na nyumbani nina bustani. Nijibu la hadubini maana ndilo nalijua.

Hadubini ya zahanati inatosha kabisa. Lenzi ya 40 na jicho la 10, unapata ukuzaji wa mara 400. Ile lenzi ya 100 ya mafuta tunayosomea malaria hapa huihitaji. Chukua kijiko kimoja cha mboji, vijiko tisa vya maji yaliyochemshwa yakapoa, tikisa polepole nusu dakika. Usitikise kama unachanganya dawa ya mtoto, utakata nyuzi za ukungu. Acha mchanga utue, vuta kwa dropa, tone moja kwenye slaidi, laza kava slipu (kile kioo chembamba cha kufunikia) kwa kuiinamisha upande mmoja kwanza ili usifungie mapovu.

Halafu punguza mwanga. Hapa ndipo wengi wanakwama, wanarudi wakisema hawakuona kitu. Hawa viumbe hawana rangi. Ukiacha taa inawaka yote, wanapotea ndani ya weupe. Shusha kondensa (lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi), funga diafragmu (tundu la kupitishia mwanga) mpaka uwanja, yaani ile duara unayoiona ukichungulia, uwe wa kijivu, ndipo kingo zao zinajitokeza.

Utaona nini? Vidoti na vijiti vidogo sana, hao ni bakteria. Nyuzi zenye unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho, nyingine za kahawia na zina vipingili, huo ni ukungu, na kwenye mboji ni habari njema. Nyuzi nyembamba mno kuliko hizo ni aktinobakteria. Kati yao ndimo wamo watengenezaji wa ile harufu ya mvua ya kwanza aliyoisema BintiLuiche, kemikali yake inaitwa jiosmini. Kwa hiyo pua yenu tayari imeshapima kitu. Utaona na wanaokimbia: flajeleti, amiba wanaojivuta, minyoo midogo ya nematodi inayojinyonganyonga. Ukikuta siliati wengi, wale wenye vinyweleo mwili mzima wanaokatiza uwanja kama wana deni, jiulize kama lundo lenu halijakosa hewa.

Sasa tahadhari ambayo wauza hadubini hawaisemi. Vumbi nalo linacheza. Chembe ndogo kwenye maji hutetemeka zenyewe kwa kugongwa na molekuli za maji; Mskoti Robert Brown aliliona hilo mwaka 1827 kwenye chembe kutoka kwenye chavua. Mtu asiyezoea anaona uwanja mzima unatetemeka, anapiga kelele "bakteria wamejaa!" Dawa yake rahisi: gawa chai mafungu mawili, moja lichemshe, lipoe, liangalie kwanza. Kinachoendelea kutetemeka hapo si kiumbe. Ukishakariri huo mtetemo, nenda kwenye fungu bichi utafute wanaokwenda mahali, wanaogeuka, wanaobadili njia.

BintiLuiche

Asante sana Fundi. Na kuhesabu? Huyo mwenzetu anasema kuna watu wanatoa namba, "mboji yangu ina bakteria bilioni kadhaa."

Fundi_Lenzi40

Inawezekana, na ukiiona hesabu yenyewe utajua kwa nini namba hizo nazichukulia kwa tahadhari.

Tuseme umezimua chai mara 1,000, umeweka tone moja la mililita 0.05, na kila uwanja unaona bakteria 20. Kwa hadubini nyingi, uwanja wa mara 400 una kipenyo cha milimita 0.45. Kava slipu ya milimita 22 kwa 22 ina nyanja kama 3,000 za namna hiyo. Mara 20, una 60,000 kwenye tone. Matone 20 ni mililita moja: milioni 1.2. Rudisha uzimuaji: bilioni 1.2 kwa mililita.

Umeona? Ukikosea kuhesabu bakteria wawili tu kwenye uwanja, namba ya mwisho imeyumba kwa zaidi ya milioni 100. Waliojificha nyuma ya chembe hukuwahesabu, waliokufa umewahesabu. Ndiyo maana namba moja pekee haina maana kwangu. Mtu yule yule, hadubini ile ile, mboji A na mboji B siku moja, hapo ndipo linganisho linapokuwa na uzito.

Maabara nako kuna mtego wake. Wakiotesha kwenye sahani ya agari, ile rojo ya kukuzia bakteria, wanahesabu wanaokubali kuota hapo tu, na viumbe wengi wa udongo hawakubali. Inayotajwa sana ni kwamba wanaoota hawafiki hata asilimia moja ya wanaoonekana. Kwa hiyo sampuli moja inaweza kukupa namba mbili zilizopishana mara mia, na hakuna aliyedanganya.

Mzee_Kalinzi

Wanangu, hamjambo. Mimi ni wa kahawa huku Kalinzi, mboji nimeanza kuitengeneza kabla baadhi yenu hamjazaliwa, kwa maganda ya kahawa na samadi ya mbuzi. Kuna vipimo viwili havina hadubini.

Cha kwanza nondo. Ichomeke katikati ya lundo, iache robo saa, ichomoe uishike. Ikikulazimisha kuiachia, lundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu siku za mwanzo, kuna kitu umekosea, ama maji, ama samadi imepungua, ama umelibana.

Cha pili nilifundishwa na mwalimu wa sayansi. Chukua chokaa iliyochomwa, ile ya kupaka nyumba, si vumbi la mawe. Changanya na maji, iache itue usiku kucha, mimina maji maangavu ya juu. Angalia macho, yanaunguza. Weka mboji yenye unyevu kwenye chupa pana ya mdomo mkubwa, juu yake simamisha kikombe kidogo cha hayo maji ya chokaa, funga kifuniko kisiingize hewa. Chupa ya pili iwe na kikombe cha maji ya chokaa tu, bila mboji. Viumbe wakipumua wanatoa hewa ukaa, na maji ya chokaa yanaota utando mweupe. Kadiri utando unavyowahi na kunenepa kuliko wa chupa tupu, ndivyo pumzi ilivyo nyingi.

Ila sasa sikilizeni vizuri, maana hapa vijana mnachanganya. Mboji inayopumua sana *haijaiva*. Iliyoiva inapumua kidogo, chakula chepesi kimeshaliwa. Ukisikia mtu anajisifu mboji yake ina uhai mwingi kupita kiasi, muulize kama ameisubiri. Ukiiweka mbichi kwenye mche, itaunyang'anya nitrojeni na kuunguza mizizi.

BintiLuiche

Mzee shikamoo. Hapo umenifungua. Mimi nilidhani uhai ukiwa mwingi ndiyo bora siku zote.

Mzee_Kalinzi

Marahaba mwanangu. Uhai gani, na kwa wakati gani. Kama unataka kujua imeiva, otesha mbegu. Mboji sehemu moja, maji sehemu kumi, chuja kwa kitambaa. Karatasi laini kwenye visahani viwili, mbegu za figili au nyanya, kimoja nywesha hayo maji ya mboji, kingine maji matupu. Hesabu zilizoota na pima mizizi kwa rula. Wataalamu wana alama yao, hesabu ya uotaji na urefu wa mizizi kwa pamoja isishuke chini ya asilimia 80 ya ile ya maji matupu. Ikishuka, rudisha lundoni.

Pembe_Hai

Nimesoma kimya kimya lakini Urambo_Sauti amenichokoza. Niko Njombe, tunafanya bayodainamiki, nimeona matokeo kwa macho.

Mkuu, umehesabu vichwa vya bakteria ukadhani umemaliza. Nani kasema dawa ya pembe inafanya kazi kwa kuongeza idadi? Watafiti wa Italia walioichunguza mwaka 2013 waliona ndani yake kuna shughuli inayofanana na ya homoni za ukuaji za mimea. Homoni haihitaji kilo. Na Misri wapo SEKEM, shamba la bayodainamiki, walianza jangwani mwaka 1977 chini ya Ibrahim Abouleish, leo pale ni kijani. Unataka ushahidi gani?

Urambo_Sauti

SEKEM walileta maji, samadi, miti ya kuzuia upepo na tani za mboji jangwani. Ondoa pembe hapo uone kama pangerudi kuwa jangwa. Na homoni kwenye chupa ya maabara ni jambo moja, gramu 100 kutawanywa hekta nzima ni jambo lingine. Bado hujanijibu.

Bwanashamba_Mstaafu

Vijana, taratibu. Nimekuwa afisa kilimo mikoa yote miwili, Tabora na Kigoma, na suala hili lina historia yake, halikuanzia kwa mkufunzi wa juzi.

Lilianza Juni 1924. Rudolf Steiner, Mwaustria, alitoa mihadhara minane kwa wakulima kijiji cha Koberwitz, siku hizi kiko Poland, baada ya wakulima kulalamika kwamba mbegu na mifugo vinadhoofika. Ndiye aliyetoa hizo dawa. Ya pembe na samadi wanaiita 500. Ya pembe na unga wa mawe ya kwazi ni 501. Za lundo ni 502 hadi 507, na humo mna maua ya kamomili yaliyowekwa kwenye utumbo wa ng'ombe na gome la mwaloni lililowekwa kwenye fuvu la mnyama. Alifariki Machi 1925, hakuwahi kuzifanyia majaribio ya kulinganisha. Lebo ya Demeter, ile ya mazao ya bayodainamiki, ilikuja 1928.

Majaribio yalifanywa na wengine baadaye. Ninalolipenda zaidi ni la Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, lililochapishwa mwaka 2000. Walitengeneza malundo ya samadi ya ng'ombe wa maziwa na randa za mbao, mengine yenye dawa za lundo, mengine bila. Yenye dawa yalikuwa na joto lililozidi kwa wastani wa nyuzi 3.4 kwa wiki nane, na mwishoni naitrati, ile nitrojeni inayonyonywa na mimea, ilizidi kwa asilimia 65. Kijana wa Urambo, hilo ni lazima ulimeze. Lakini watafiti hao hao walipoangalia udongo shambani, uliopewa mboji yenye dawa na uliopewa mboji isiyo na dawa, viumbe vya udongo havikutofautiana kwa namna ya kueleweka; kilichobadilisha udongo ni mboji yenyewe. Hilo nawe Pembe_Hai ulimeze.

Uswisi kuna shamba la majaribio pale Therwil tangu 1978. Matokeo ya miaka 21 yalichapishwa mwaka 2002: mavuno ya kilimo hai na bayodainamiki yalipungua kwa asilimia 20, huku mbolea na nishati vikipungua kwa asilimia 34 hadi 53, na viumbe vya udongo vikawa vingi kuliko kwenye kilimo cha kawaida, bayodainamiki ikiongoza. Watu wengi huishia hapo wakashangilia. Wasichosema ni kwamba vipande vya bayodainamiki vilipewa samadi iliyotengenezwa kuwa mboji, na vile vya kilimo hai vilipewa samadi iliyooza tu. Kwa hiyo umeshinda kwa sababu ya dawa au kwa sababu ya mboji? Jaribio halikujengwa kujibu hilo.

Mwanangu BintiLuiche, swali lako la mwisho ndilo zito kuliko la hadubini. Jibu lake ni lundo pacha. Siku moja, samadi ya zizi moja, makapi yale yale, ukubwa ule ule, kivuli kile kile. Moja lichomekwe dawa, jingine litobolewe matundu yale yale na kuchomekwa udongo wa kawaida. Anayepima joto asijue lipi ni lipi. Bila pacha, hata ukinunua hadubini ya Wajerumani utabaki unabishana.

Kibonde_wa_Mjini

"Anayepima asijue lipi ni lipi." Mzee umemaliza. Kwa wake zetu wa Ujiji hata ukificha atajua tu 😂

Fundi_Lenzi40

Nirudi kwenye jambo linaloniumiza roho, na naona kila mtu amelipita. BintiLuiche aliandika: *"molasi kidogo… asubuhi tunachuja, tunapiga kwenye majani."*

Majani yenyewe ni mchicha. Mchicha unakatwa wiki chache tu baada ya kupandwa, unaenda sokoni, mtu ananunua fungu.

Hadubini haiwezi kukuambia kama hao vijiti unaowaona ni wa udongo wasio na neno au ni E. koli ya kinyesi. Vinafanana. Unaweza ukaangalia tone, ukashangilia uhai, na uhai wenyewe ndio ule unaomlaza mtoto na kuhara. Sisi wa Kigoma kipindupindu hatuhitaji kusimuliwa. Mliokuwepo 2015 mnakumbuka mlipuko wa Kagunga, kile kijiji cha ufukweni mwa ziwa. Hicho ni kimelea kingine na njia yake ni nyingine, nakitaja tu kwa sababu tunajua hapa jinsi kitu kidogo kwenye maji kinavyosambaa.

Molasi ndiyo mchochezi. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba chai ya mboji ikiongezwa vyakula vya kuchochea bakteria, E. koli na Salmonela waliokuwepo kwa uchache wanaweza kuzaliana humo, hata kama pampu inapiga hewa. Mapovu hayawaui. Chai isiyo na nyongeza haikuwapa nafasi hiyo.

Kinga ya kwanza iko kwenye lundo. Kanuni ya kilimo hai ya Marekani inataka lundo la kugeuza likae kati ya nyuzi 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe mara tano, ili la pembeni nalo lipite katikati kwenye moto. Nondo ya mzee ni nzuri kwa kujua lundo limeamka, lakini haitofautishi 50 na 58. Kama kuna kitu cha kununua kwa hela ya kikoba, ni kipimajoto cha mshale mrefu.

Kinga ya pili, kipimo cha E. koli kwenye chai yenyewe. Jopo la chai ya mboji la huko huko Marekani mwaka 2004 lilipendekeza isizidi 126 kwa mililita 100, kiwango kilichokopwa kwenye maji ya kuogelea. Hicho si kipimo cha hadubini. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Kigoma, kaulizeni kama wanapokea sampuli ya namna hiyo na kwa gharama gani, E. koli kwao ni kazi ya kawaida.

BintiLuiche

Fundi umenitoa jasho. Molasi tunaitoa leo leo. Na maji? Tunachota ya bomba, mara nyingine ya ziwa.

Bwanashamba_Mstaafu

Ya bomba yana klorini, na kazi ya klorini ni kuua hao hao mnaowatafuta. Yaacheni kwenye ndoo wazi usiku mzima, au washeni pampu saa chache kabla ya kutia mboji. Ya Ziwa Tanganyika hayana klorini lakini yana magadi kiasi, pH yake inakaribia 9, na yakichotwa karibu na makazi yana mengine ambayo Fundi atakuambia. Ya mvua ni bora, mkiwa na simtanki ya paa safi.

Jambo jingine ni joto. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 8 tu kwa lita, tena hiyo ni usawa wa bahari. Kigoma tuko juu kidogo, inapungua. Watengenezaji wa chai wanataka isishuke chini ya 6. Kwa hiyo hamna nafasi kubwa ya kuchezea. Ndoo ikae kivulini, mboji iwe kidogo, na umeme ukikatika usiku muimwage kwenye shina la mgomba, msiipige kwenye majani.

Pembe_Hai

Mimi na lundo pacha sina tatizo. Fanyeni. Ila msifukie pembe kiholela. Wenzetu wa Ulaya wanafukia majira ya vuli na kufukua masika yao. Huku kusini mwa ikweta wengi huifukia Machi au Aprili na kuifukua Septemba au Oktoba.

Urambo_Sauti

Yaani mvua zikiisha mnafukia, zikikaribia mnafukua. Hata mimi ningepata mboji nzuri kwa ratiba hiyo. Nasubiri vipimo vya pacha. Yakitoka kama ya Washington nitakuja kusema hapa hapa kuhusu lundo. Kuhusu gramu 100 sibanduki.

BintiLuiche

Mrejesho wakuu. Kikao kimekaa. Hadubini haikupita, mwenye hoja alinuna, kisha akakubali tuombe kutazama siku moja kwenye ya Fundi kama atakuwa tayari. Kipimajoto kimepita bila kupingwa. Malundo mawili tunaanza makapi mapya ya chikichi yakipatikana, na anayejua lenye dawa ni mimi na mama mweka hazina tu. Chai kwenye mchicha tumesimamisha mpaka majibu ya maabara, tunaipiga chini kwenye nyanya na migomba.

Kuna aliyewahi kupeleka sampuli ya namna hii? Nibebe kwenye chupa ya maji ya dukani?

Fundi_Lenzi40

Usibebe kwenye ya dukani. Nenda kachukue chupa yao iliyotakaswa. Usiisuuze, ndani wanaweza kuwa wameweka dawa ya kuzima klorini. Kifuniko usikilaze chini wala usiguse mdomo wa chupa. Chota chai ikiwa bado inapigwa hewa, acha nafasi kidogo juu, andika saa uliyochota. Iweke kwenye kijokofu cha barafu bila kugusana na barafu moja kwa moja, na ifike ndani ya saa sita. Kwa hiyo panga siku na mtu wa maabara kabla, usichote Ijumaa mchana.

Hadubini mje Jumamosi. Njooni na mboji ya malundo yote, na ile chai iliyochemshwa msiisahau.